Matanga ya Mjerumani

Juzi kwenye semina mhadhiri alionyesha ukutani picha ya mwanafalsafa Mjerumani, ile inayojulikana na kila mtu: masharubu yamefunika mdomo wote, paji la uso limekunjamana, macho yanaangalia pembeni kama ya mtu aliyeudhiwa na dirisha. Kabla sijajizuia nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika, "Babu." Jirani yangu akauliza kwa Kiswidi nimesema nini. Nikamwambia nimekohoa.

Tulikuwa watu kumi na wawili mezani na wote wanampenda. Mmoja amechorwa tatuu ya maneno yake mkononi, kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye saa. Wanampenda jinsi watu wanavyopenda dhoruba wakiwa ndani ya nyumba yenye joto. Wanasema alithubutu kufikiri mpaka mwisho. Nimemsoma miaka mitatu sasa, kwa Kijerumani pia, kwa ukaidi tu, na kwenye mtihani naweza kumtetea kuliko wao. Naweza kueleza kwa nini aliyaona maadili ya Kikristo kuwa kisasi cha wanyonge kilichovikwa nguo za upole, kwa nini aliamini kwamba huruma huongeza mateso duniani badala ya kuyapunguza, kwa nini alimtaka mtu ayapende hata maumivu yake bila kutamani jambo lolote liwe tofauti. Baadhi ya hoja zake ni kali na nzuri. Hata hivyo namchukia, wala si kwa ajili ya vitabu tu. Namchukia kwa sababu alikaa sebuleni kwetu Bredäng, Sweden, ukutani juu ya televisheni, ndani ya fremu nyeusi, majira yote ya baridi ambayo mama yangu hakuruhusiwa kulia.

Nilikuwa na miaka saba, labda nane. Tuliishi ghorofa ya sita, kwenye moja ya yale majengo marefu yanayofanana, ambako ngazi zilinuka vitunguu vya watu wote kwa pamoja. Baba alikuwa amesoma falsafa Bukavu. Kabla ya hapo alikuwa seminari, amekaribia kuwa padri, na aliacha kwa sababu ya mtu huyu. Tasnifu yake juu ya Mjerumani, kurasa mia na kitu zilizopigwa kwa mashine, ilivuka mpaka, ikalala kwenye kambi ya wakimbizi chini ya kichwa chake, ikafika Sweden ndani ya mfuko wa plastiki. Picha za harusi hazikufika. Hapa vyeti vyake vilitazamwa, vikapigwa muhuri, vikarudishwa kwenye bahasha. Akapata kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee katika makao yao huko Spånga. Mama alipomwambia mara moja kwamba ile ni kazi ya huruma, alikasirika. Ile ni kazi ya zamu, alisema. Ina saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na hakuna anayemwomba amhurumie mtu.

Sasa, katika kila nyumba ya Wakongo niliyoijua, picha kubwa ya mtu mmoja, peke yake, ndani ya fremu, ilikuwa ya mtu aliyekufa. Walio hai walikaa kwenye simu na kwenye albamu. Waliokufa walikaa ukutani, na ilikuwa kawaida ukiingia kuwaangalia kidogo kabla hujaketi. Kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa. Mzee yule alikuwa babu yangu, baba wa baba, na alikuwa amekufa. Kwamba ni mzungu halikunisumbua. Darasani kwetu nusu ya watoto walikuwa na babu mmoja mweupe na mmoja mweusi, na mimi nilidhani nimepata wangu.

Baba mwenyewe alinisaidia kupotea. "Huyu ndiye aliyenilea," alisema siku moja akipangusa vumbi kwenye kioo cha picha. Mezani alimsimulia kama watu wanavyosimulia ndugu: kwamba kichwa kilimuuma tangu ujana, kwamba alitembea milimani peke yake akiandika kwenye vijitabu, kwamba marafiki walimwacha mmoja mmoja, kwamba mwishoni akili ilimtoka na mama yake akamrudisha nyumbani na kumwogesha kama mtoto, na mama alipokufa dada yake akaendelea.

"Aliumwa muda gani?" niliuliza kwa Kiswidi, maana nyumbani mimi nilijibu kwa Kiswidi.

"Miaka kumi na mmoja."

"Na mke wake?"

"Hakuoa."

Hapo nilisimamisha uma. Nilikuwa mtu wa kuuliza hata wakati ule. Mtu asiyeoa alipataje mtoto? Nilimwendea Mama jikoni na swali hilo. Mama alikuwa na tumbo kubwa, ameegemea sinki, akacheka mpaka akashika mgongo. "Muulize baba yako," alisema. "Ule ni mutu wake, hapana wangu." Sikumuuliza. Niliamua ni siri ya familia, na familia zenye siri zilikuwa familia za maana.

Halafu tumbo likaenda hospitali na Mama akarudi bila tumbo na bila mtoto. Hakuna aliyenieleza. Kitanda kidogo kilichokuwa kimeshafungwa skrubu kilifunguliwa skrubu, nikasikia mbao zikishuka kwenye lifti. Mama akalala ubavu akitazama ukuta. Baba akaniita sebuleni, akaketi chini ya picha, akaniambia mambo mawili. La kwanza, mambo ya hospitali hayasemwi nje ya mlango huu. La pili, watu wa kanisa la mama yako watakuja. Watataka kukaa sakafuni, kulia, na kutuimbia. Hatutaki. Kilichotokea kimetokea. Mtu mwenye nguvu hasemi laiti.

"Yeye alipokuwa mdogo kuliko wewe," akasema, akielekeza kidevu juu, "alifiwa na baba yake, mchungaji. Kisha na mdogo wake, mtoto asiyetimiza miaka miwili. Unadhani alikaa chini akalia maisha yake yote?"

"Sijui."

"Hakukaa."

Leo najua kwamba Mjerumani akiwa kijana aliandika habari za maisha yake, na vifo vile viwili vimo, na majonzi ya nyumba yao yamo. Baba lazima aliyasoma. Aliyaruka, kama wanafunzi wenzangu wanavyoyaruka.

Wanawake walikuja siku ya tatu. Kiongozi wao alikuwa Mama Sifa, aliyekaa jengo la pili kutoka letu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, ambaye pia alitufundisha watoto Jumapili. Baba alinituma mlangoni kwa sababu mtoto habishiwi.

"Zawadi, fungula. Tumekuya kumuona mama yako."

"Baba anasema asante, hatuhitaji huruma," nilisema kupitia upenyo wa kutilia barua mlangoni.

Mama Sifa akasema taratibu, "Weye njo unasema ao baba yako njo anasema?"

"Baba."

"Basi ambia baba yako sombe haina huruma ndani. Iko na mafuta tu."

Waliacha sufuria mlangoni. Harufu ya sombe, kisamvu cha Kikongo, ilipenya chini ya mlango na kukaa nasi sebuleni: majani, mawese, samaki mkavu, harufu ya nyumba yenye watu. Baba akaniambia niirudishe. Niliibeba kwa mikono miwili, ingali moto, nikashuka, nikavuka theluji, nikaiweka mbele ya mlango wa Mama Sifa, nikabonyeza kengele na kukimbia. Jioni ile tulikula makaroni. Walileta tena, nikarudisha tena. Mara ya nne nilikaa kwenye ngazi za jengo lao, nikafunua kifuniko na kula kwa vidole mpaka tumbo likauma, ndipo nikabonyeza kengele. Kama nilimkosea babu yangu, nilifikiri, atanisamehe, maana yeye mwenyewe alilishwa kwa kijiko.

Jumapili Baba alikuwa kazini, na kuniacha na Mama asiyezungumza hakuweza, hivyo aliruhusu Mama Sifa anichukue mlango wa chini na kunirudisha mlango wa chini. Kanisa lilikuwa ukumbi wa kukodi wenye viti vya kukunja. Sisi watoto tulikaa kwenye chumba cha kahawa, na Mama Sifa alikuwa na desturi ya kumuuliza kila mmoja ni jambo gani linasumbua nyumbani, ili aliombee. Mmoja alikuwa na bibi aliyevunjika nyonga Goma. Mmoja alikuwa na kaka aliyekataa kuamka. Ikafika zamu yangu.

"Na weye, Zawadi? Sababu ya nini mama yako analala saa yote?"

Nilikuwa nimekatazwa kusema kuhusu mtoto. Lakini kunyamaza kulikuwa kumwacha Mama akitazama ukuta, na mimi nilitaka mtu amwombee hata kwa jina lisilo lake. Nikamtoa marehemu niliyeruhusiwa kumtaja.

"Babu amekufa."

Mama Sifa akaweka kalamu chini. "Babu wa upande gani? Wa mama ao wa baba?"

"Wa baba. Aliugua miaka kumi na mmoja. Alichanganyikiwa. Mama yake alimwogesha, halafu dada yake."

"Alikufa lini?"

"Sijui. Baba anamsema kila siku. Picha yake iko sebuleni."

"Na baba yako hakuambia mutu."

"Hapana."

"Masikini," alisema Mama Sifa, na niliona macho yake yamejaa. "Mwanaume anabeba kifo peke yake sawa mufuko ya simenti."

Huruma ina njia nyingi za kukataliwa, lakini matanga hayakataliwi. Ukisikia kwamba mtu wa jirani yako amefiwa na baba yake, huulizi kama unahitajika. Unaacha kazi, unafunga kitenge kiunoni, unabeba chungu, unaenda kukaa chini. Asiyekwenda ndiye mwenye kujieleza. Jumamosi iliyofuata, baada ya saa sita mchana, kengele ya mlango ililia nami nikafungua bila kufikiri. Ngazi zote zilikuwa wanawake. Walitoka Bredäng, Norsborg, hata ng'ambo ya mji, na sufuria, blanketi, thermosi, makoti yanayodondosha theluji.

"Leo hatukuleta huruma," alisema Mama Sifa akivua buti. "Tumekuya kwa kilio. Kwa kilio hatuombagi ruhusa."

Walifanya kazi haraka kama watu wanaojua chumba gizani. Makochi yakasukumwa ukutani, televisheni ikazimwa na kufunikwa khanga, blanketi zikatandikwa. Ndipo wakamtazama marehemu. 

"Huyu si mzungu, jameni?" aliuliza mama mmoja Mkenya.

"Bazungu walipita kwetu miaka mingi, dada," alisema Mama Sifa. "Usiulize mambo ya familia ya batu."

"Siulizi. Nasema tu."

"Sema kwa roho."

Wakaketi, miguu imenyooshwa, na Mama Sifa akaanza. Nimesikia kwaya za makanisa makubwa tangu siku hiyo na hakuna iliyoniinua nywele namna ile. Walimlilia mtu aliyeandika kwamba kilio ni udhaifu na wanawake ni viumbe vya kuchungwa. Walimwita tata, yaani baba. Walimuuliza kwa nini ameondoka bila kuaga, nani sasa atawashauri watoto. Walimpa pole kwa miaka kumi na mmoja ya ugonjwa. Mkenya, ambaye alikuwa na mashaka yake, alilia kwa sauti kuliko wote.

Wawili walikwenda chumbani kumtoa Mama, kwa kuwa mke wa mfiwa hukaa katikati. Alitoka na nguo ya kulalia na sweta ya Baba juu, nywele zimelala upande mmoja. "Nani alikufa?" aliuliza. Hakuna aliyemsikia. Akaangalia khanga juu ya televisheni, kisha picha, kisha mimi niliyesimama karibu na mlango, na katika uso wake nilisoma kwa mara ya kwanza kwamba yule hakuwa babu yangu. Angeweza kusema neno moja na wote wangesimama. Badala yake aliketi chini katikati yao, akanyoosha miguu, akakaa macho makavu huku wanawake wawili wamemshika mabega.

Baba alirudi kabla ya saa kumi. Nilimsikia mlangoni akihangaika na buti za watu. Aliingia na koti lake, akasimama, na kilio kikapanda kumpokea, kwa kuwa sasa mfiwa mwenyewe amefika. Wanawake watatu walimkumbatia magoti. Alichelewa kuelewa. Alipoelewa, alinitazama mimi, kisha akasema kwa ile sauti yake ya darasani:

"Mama zangu, nyamazeni. Mmedanganywa na mtoto. Baba yangu ni mzima, yuko Uvira, anavuta tumbaku. Huyu ni Mjerumani. Ni mwandishi. Alikufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na alidharau kila mnachofanya hapo sakafuni."

Sauti moja moja ikakatika. Mtu alipenga kamasi.

"Nilisema ni mzungu," alisema Mkenya.

Nilingoja wasimame. Nilingoja waone aibu, au wanichape. Mama Sifa hakuinuka. Alijifuta uso kwa pembe ya kitenge.

"Ule Mujerumani," alisema, "alipogonjwa, nani alimuogesha?"

"Hilo halihusiani."

"Nauliza tu, mwalimu."

Nilijibu mimi, kutoka mlangoni, kwa sababu nilikuwa nimelisikia mezani mara nyingi. "Mama yake. Halafu dada yake."

"Hakuwafukuza?"

"Hakuwa na akili tena," alisema Baba.

"Ah. Basi alikuwa na akili ya kudharau wakati iko muzima." Alijivuta akae vizuri zaidi kwenye blanketi. "Mwalimu, umesema kweli, tumelia mutu hatumujue. Lakini tumeshaikala chini. Batu wakiikala kwa kilio, hawaamuki bila kulia mutu wa ile nyumba. Tulie nani?"

Hakuwa akimwangalia Baba tena, alimwangalia Mama. Mpaka leo sijui kama alijua alichokifanya, wala sikuwahi kupata jibu la maana nilipomuuliza nikiwa mkubwa. Aliniambia nimuulize Mungu, na anajua fika kwamba mimi na Mungu wake hatuongei.

Mama alisema, "Neema."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina hilo. Nilidhani ameita mmoja wa wanawake.

"Mumulilie Neema," alisema tena. "Alikuwa na nywele mingi. Walimuvalisha kofia ya bluu, sababu hawakukuwa na ya rangi ingine. Nilimushika masaa mbili."

"Tulikubaliana," alisema Baba, kwa sauti ya chini sana.

"Weye ulikubaliana na ule wa ukutani. Mimi sikuulizwa."

Akafungua mdomo na kilichotoka si neno. Wanawake wakamfunika. Sikuona tena uso wake, niliona migongo tu, na mikono, na kitenge chenye ndege wa kijani kikipanda na kushuka. Hawakuimba. Walilia jina lile, mmoja akilitaja, wengine wakilipokea, na katikati ya kila zamu Mama aliongeza kitu kimoja: vidole vyake, kidevu chake, jinsi alivyokuwa mzito kuliko alivyodhani.

Baba aligeuka atoke. Lakini buti arobaini na zaidi zilikuwa zimejaa kwenye korido mpaka mlangoni, zimepandana, zimelowana, na zake, alizozivua dakika chache tu kabla, zilikuwa chini yao mahali fulani. Aliinama akachakura kidogo kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kisha akaacha, akaingia jikoni kwa soksi, akarudisha mlango.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja angemalizia hapa kwa kusema alilia. Mimi sikuona, na sisemi nisichokiona. Nilisikia bomba la jikoni likifunguliwa na maji yakitiririka kwa muda mrefu. Mama Sifa aliponituma vikombe, nilimkuta amesimama mbele ya sinki, mikono imeshika ukingo, na hakukuwa na chombo chochote kwenye maji.

"Amesema jina gani?" aliniuliza bila kugeuka.

"Neema."

"Neema," alirudia, polepole, kama nilivyomsikia akijifunza maneno ya Kiswidi. Mabega yake yalikuwa yamelowa theluji iliyoyeyuka, koti hakuwa amelivua. Nadhani alikuwa akingoja nimsogelee. Nilikuwa na umri wa kutosha kuliona hilo. Lakini wiki nyingi nilikuwa nimesimama mlangoni nikisema maneno yake kupitia upenyo wa barua, nimerudisha kila sufuria, na nilikuwa mwanafunzi wake mzuri. Nilipanga vikombe kwenye sinia, nikaufungua mlango kwa kiwiko, nikarudi sebuleni kwa wanawake.